Kuhesabu Ndege Juu ya Ufipa

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea, hebu jaribu jambo moja dogo. Chukua kipande cha karatasi uandike majina ya ndege kumi unaowaona njiani unapokwenda kazini kila asubuhi. Kuku asihesabiwe, wala bata. Mimi nilipojaribu nilianza kwa kishindo: kunguru, njiwa, shomoro, mwewe, yangeyange, mbayuwayu. Baada ya hapo kalamu ilisimama. Mtu mzima, mwenye stashahada ya uandishi wa habari, mlipwa mshahara kwa ajili ya kuona mambo na kuyaeleza, nilikwama kwenye ndege wa sita.

Aliyenitia katika aibu hiyo ni binti yangu wa darasa la nne. Jumapili moja aliniuliza jina la ndege aliyetua juu ya waya wa kuanikia nguo, nami nikamjibu, "Ni ndege tu, mwanangu." Akanitazama jinsi mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyekuja darasani bila ya daftari. "Najua ni ndege, baba," akasema, "lakini ndege gani?"

Kwa hiyo ofisi iliponituma Sumbawanga mwanzoni mwa Desemba kuandika habari za mazao, niliomba siku mbili za ziada. Nilikuwa nimesikia kwamba upo msitu huko, unaitwa Mbizi, na kwamba mtu anayetaka kujifunza kuwaorodhesha ndege hawezi kukosa mwalimu.

Safari yenyewe siku hizi si ya kuogofya. Wakongwe wa kazi yetu husimulia jinsi walivyokuwa wakilala njiani kati ya Tunduma na Sumbawanga wakati wa masika, gari limezama hadi kwenye ekseli na abiria wamegeuka wasukumaji. Sasa barabara ni ya lami. Unatoka Tunduma asubuhi, unapita Laela na Mpui, na kabla hujachoka kukaa umekwisha kufika. Jambo linalomgusa mgeni ni uwazi wa nchi. Uwanda wa juu wa Ufipa umenyanyuliwa kati ya matawi mawili ya Bonde la Ufa: upande wa magharibi limelala Ziwa Tanganyika, mita 773 tu juu ya usawa wa bahari, na upande wa mashariki Ziwa Rukwa. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800. Mtu amesimama, kwa hakika, juu ya meza iliyowekwa katikati ya mabonde mawili, na upepo wa mezani humo hauna huruma. Chukua sweta. Chukua mawili.

Miti ni michache. Jicho huona nyasi, mashamba ya mahindi, maharage na ulezi, ng'ombe, kisha nyasi tena. Wafipa ni wakulima wa siku nyingi, na mbinu yao ya intumba, yaani kuyafukia majani ndani ya vichuguu vya udongo ili yaoze yawe mbolea, imewashangaza wataalamu wengi waliodhani kwamba kilimo cha mboji kilianzia kwenye vitabu. Jina la mji nalo, kama wenyeji wanavyolieleza, ni amri: tupa uchawi. Sikuwa na uchawi wowote wa kutupa, ila darubini niliyoazima kwa rafiki ilinitosha kunitia mashakani. Mhudumu wa nyumba ya wageni aliitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa adabu kama nimekuja kutafuta dhahabu. Nilipomwambia kwamba nimekuja kutazama ndege, aliitikia "Haya," kwa sauti ya mtu asiyeamini hata neno moja.

Msitu wa Mbizi uko kaskazini-mashariki ya mji, kwenye milima inayopanda kupita mita 2,400 na kuishia ghafla katika ukingo wa Bonde la Rukwa. Unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na mgeni yampasa kwanza afike ofisini kwao apate kibali na mtu wa kumwongoza. Mimi nilipewa kijana mmoja mlinzi wa msitu, mpole, mwenye daftari lililofungwa kwa mpira. Naye alimwomba mzee mmoja wa kijiji cha jirani afuatane nasi. Sikuelewa sababu mpaka tulipoingia msituni.

Tuliondoka gizani. Jua la Ufipa huchelewa kuchomoza kuliko la Dar es Salaam, kwa karibu nusu saa, kwa kuwa nchi hii iko mbali upande wa magharibi nasi sote tunafuata saa moja. Saa kumi na mbili na nusu ndipo kulipoanza kupambazuka. Ukungu ulikuwa umelala juu ya nyasi, na msitu ulionekana kama ukuta mweusi. Nilikuwa na hamu kubwa. Niliinua darubini, nikazunguka huku na huku kama nahodha aliyepotea, na kwa muda wa robo saa nzima sikuona ndege hata mmoja.

"Bwana mwandishi," mzee akaniambia hatimaye, "iweke chini hiyo. Kaa kimya kwanza. Masikio yatangulie, macho yatafuata."

Nikakaa juu ya gogo. Na hapo, ndugu msomaji, ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimezungukwa. Msitu ulikuwa unapiga kelele kila upande. Nilikuwa nazisikia kelele hizo kama vile mgeni wa Kariakoo anavyosikia soko, mvumo mmoja usio na maana. Mzee alianza kuutenganisha. Huyu wa juu, wa sauti ya kukoroma, ni kulukulu. Yule anayegonga, mnamjua nyote, ni kigong'ota. Kule bondeni, sauti ya chupa inayomiminwa maji, ni dudumizi, na alasiri itanyesha. (Ilinyesha.) Kila aliyetajwa, mlinzi alimwandika daftarini, na pembeni mwake akatia alama: amesikika, hakuonekana.

Kulukulu mwenyewe alikuja kuonekana baadaye, naye alistahili kungojwa. Akiwa ametulia katika matawi ni kijani kitupu, kishungi kimesimama kichwani, na jicho huweza kumpita mara kumi. Lakini anaporuka na kufunua mabawa, wekundu unawaka humo ndani kama moto ulioachwa wazi ghafla. Nilipiga ukelele. Mlinzi aliweka kidole mdomoni.

Hapa yafaa nieleze orodha yenyewe inavyoandikwa, maana ndiyo kiini cha safari hii. Mtu anaweza kudhani kwamba ni kuandika majina tu, mmoja chini ya mwenzake, na anayemaliza na mengi ndiye mshindi. La hasha. Juu ya ukurasa huandikwa tarehe, mahali, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na hali ya hewa. Kisha kila ndege huandikiwa idadi yake na namna alivyotambulika, kwa jicho au kwa sauti. Njia inayopitwa ni ile ile kila mara, ili orodha ya mwezi huu iweze kulinganishwa na ya mwezi kama huu mwaka ujao. Orodha ya siku moja ni burudani. Orodha za miaka kumi za njia moja ni ushahidi.

Na ushahidi, kama wanavyojua waliowahi kusimama mahakamani, una masharti. Karibu saa tatu ndege mmoja alikatiza mbele yetu katika kivuli. Niliona tumbo jekundu sana, basi. Nilikuwa na kitabu cha Birds of East Africa cha Terry Stevenson na John Fanshawe, ambacho kinachora zaidi ya aina 1,300 za ndege wa sehemu hii ya Afrika, nikakipekua mbio. Nikampata ndege mmoja wa misitu ya milimani, mzuri ajabu, mgongo wa kijani, tumbo jekundu. "Ndiye huyu!" nikasema, na kalamu ilikuwa tayari.

"Uliuona mgongo?" mlinzi akauliza.

"Sikuuona."

"Mkia je, chini yake una michirizi?"

"Alipita haraka."

"Alilia?"

Hakulia. Basi mlinzi akaniambia niandike hivi: tumbo jekundu, hakutambulika. Niliandika kwa uchungu. Lakini nilipofikiri juu yake usiku ule niliona kwamba kijana yule amenifunza kazi yangu mwenyewe. Mara ngapi sisi waandishi tumeona tumbo tu la habari, tukaenda kuuchora mgongo wake vitabuni? Mwisho wa asubuhi nilikuwa na ndege ishirini na watatu katika daftari langu. Alipomaliza kunihoji walibaki kumi na saba.

Wengi wa waliofutwa walikuwa ndege wadogo wa nyasini, wa rangi ya majani makavu, ambao wataalamu huwaita Cisticola. Usinicheke. Kundi hili limewatoa jasho watu wenye macho makali kuliko yangu. Hubert Lynes, aliyekuwa admeri katika Jeshi la Majini la Uingereza, aliwafuatilia sehemu nyingi za Afrika na mwaka 1930 akatoa uchambuzi mkubwa juu yao, na hata leo njia ya kuaminika ya kuwatofautisha wengi wao ni kusikiliza wimbo. Majina yao ya Kiingereza mengi ni majina ya sauti: huyu analia, yule anakoroma, mwingine anaimba. Kwa sura ni kama ndugu wa tumbo moja waliovaa sare.

Suala la majina lilinisumbua kwa namna nyingine pia. Mzee aliwajua karibu ndege wote kwa Kifipa. Mlinzi aliwajua kwa majina ya kitaalamu aliyofunzwa chuoni. Mimi niliyesimama katikati yao na Kiswahili changu cha gazetini ndiye niliyekuwa maskini kuliko wote. Kiswahili kilizaliwa pwani, nacho kina hazina ya majina ya ndege wa pwani na wa maji: membe, mwari, heroe, yangeyange, kitwitwi. Ndege wa msitu wa milimani wengi hawakuwahi kufika mbele ya baraza hilo. Mzee alipotaja jina nililiandika kama nilivyolisikia, mlinzi akaandika la kitaalamu mbele yake, na karatasi hizo tuliziacha katika daftari la mlinzi, ambako zitasahihishwa na wenye lugha.

Msitu hauna ndege peke yao. Tulipokuwa tukipumzika, matawi yalitikisika na mzee akatuonyesha mbega wekundu, wanyama wa mkia mrefu, wenye kofia ya manyoya ya rangi ya kutu. Ndugu zao wanapatikana Uganda katika msitu wa Kibale na huko Mahale na Gombe kando ya Ziwa Tanganyika, nao wamo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka duniani. Hawa wa Mbizi wanaishi kisiwani, ingawa hakuna maji: wamezungukwa na nyasi na mashamba pande zote. Wakiutoka msitu huu hawana pa kwenda. Na msitu wenyewe huliwa pembeni. Moto wa nyasi wa kiangazi huja hadi kwenye kingo zake, na uwanda usio na miti una wapishi wengi wanaohitaji kuni. Mkazi wa Sumbawanga anayefungua bomba lake asubuhi angefaa kukumbuka kwamba milima ya Mbizi ndiyo mama wa vijito vingi vya nchi hii.

Kabla ya saa sita tulitokeza ukingoni, mahali panapoitwa na wenyeji Lyamba lya Mfipa. Sina maneno mengi. Ardhi inakatika miguuni pako, na chini, chini sana, Bonde la Rukwa limetandazwa katika joto na vumbi, na ziwa linang'aa kwa mbali kama bati. Kunguru wakubwa weusi wenye kola nyeupe kisogoni walikuwa wakicheza na upepo chini yetu. Ni mara chache mtu kumtazama kunguru mgongoni akiwa angani. Kisha mlinzi akanigusa bega. Kutoka kaskazini korongo weupe walikuwa wanakuja, wakizunguka juu ya hewa ya moto bila ya kupiga bawa. Nilihesabu sitini, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Tukaandika: zaidi ya sitini.

Korongo hawa huzaliwa Ulaya, juu ya mapaa na minara, na huja kwetu kukimbia baridi. Wengine hubaki Afrika Mashariki, wengine huendelea hadi Afrika Kusini. Lakini Rukwa wana kazi maalumu. Bonde lile unaloliona kwa utulivu ni mojawapo ya mazalio ya nzige wekundu. Kati ya mwaka 1930 na 1944 makundi yaliyotoka Rukwa na Mweru wa Ntipa, huko Zambia, yalienea katika sehemu kubwa ya Afrika kusini ya ikweta yakala mashamba ya mataifa. Mwaka 1949 liliundwa shirika la kimataifa la kupambana nao, makao yake yakiwa Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala. Miongoni mwa watumishi wake alikuwapo Desmond Vesey-FitzGerald, mtaalamu wa viumbe aliyezunguka bonde hili kwa miaka mingi. Alitumwa kuangalia nzige, akaangalia na wanaowala nzige. Mwaka 1955 aliandika juu ya ndege wanaowinda nzige wekundu, na mwaka 1960, pamoja na J. S. S. Beesley, alitoa katika jarida la Tanganyika Notes and Records orodha yenye maelezo ya ndege wa Bonde la Rukwa. Ndege mmoja, mwingine, mwingine. Wapi, lini, kwa wingi gani.

Nzige nao hawajaondoka. Mwaka 2009 walizuka tena katika mabonde ya magharibi ya nchi yetu, wakadhibitiwa kwa msaada wa dawa iliyotengenezwa kwa kuvu, inayoua nzige bila ya kuwadhuru ndege. Mnyunyizaji wa sumu kali huua nzige pamoja na askari wake mwenyewe.

Nilimwuliza mzee kama aliwaona korongo wengi zaidi utotoni. Hakujibu kuhusu hao. Alinielekeza upande wa pili, kwenye bonde dogo lililokuwa na bustani za mboga, mistari ya kijani iliyonyooka.

"Pale palikuwa kinamasi," akasema. "Korongo wenye taji walikuwa wakicheza pale. Wanaruka, wanainamiana, kama watu wa ngoma. Tulikuwa tunaacha ng'ombe tunatazama."

"Walikuwa wangapi, mzee?"

"Wengi."

"Kama ishirini? Kama mia?"

Akafikiri kwa muda mrefu. "Walikuwa wengi," akarudia. "Sasa wanapita wawili."

Mlinzi alifungua daftari lake, akalifunga. Hapakuwa na la kuandika. Korongo taji tangu mwaka 2012 ameingizwa katika orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini, na kupotea kwa vinamasi ni mojawapo ya sababu kuu. Lakini kinamasi kile, chini ya mlima ule, hakina ukurasa wake popote. Waliokibadilisha kuwa bustani siwalaumu. Mboga zile zinaliwa na watoto. Nilitamani tu kwamba mtu mmoja, mchungaji mmoja mwenye penseli, angeandika namba.

Msomaji wa mjini pengine atasema kwamba hayo ni ya wageni wenye darubini za bei kubwa. Si kweli tena. Kazi ya kuchora ramani za ndege wa Tanzania, iliyoongozwa na Neil na Liz Baker tangu miaka ya 1980, imesimama juu ya orodha zilizoletwa na watu wa kila namna waliokuwa safarini au nyumbani kwao. Nchi yetu ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, na haijamaliza kuwataja. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark waliokuwa kambini katika milima ya Udzungwa waliona miguu ya ajabu ndani ya sufuria ya kitoweo. Miguu ile ilikuwa ya kwale ambaye sayansi haikuwahi kumjua, na mwaka 1994 akapewa jina lake. Wenyeji walikuwa wanamjua barabara, hasa kwa ladha yake.

Kama utaamua kuanza, usingoje darubini. Daftari la shule linatosha, na penseli, maana wino huyeyuka mvua inaponyesha. Chagua njia moja, hata ya kutoka nyumbani hadi kituo cha basi. Asubuhi na mapema ni bora kuliko mchana. Usimwandike usiyemwona vizuri, na usione haya kuandika "sikumtambua". Ukipata nauli ya Sumbawanga, nenda Desemba kwa ajili ya korongo, au Juni kwa ajili ya anga safi, ila Juni baridi yake si ya mchezo. Na ukifika kusini, karibu na mpaka wa Zambia, usikose maporomoko ya Kalambo, ambako maji huanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja na korongo wakubwa wenye mfuko shingoni hutaga kwenye kuta za mwamba.

Nilirudi nyumbani na orodha ya ndege kumi na saba, na mmoja asiyetambulika. Binti yangu aliisoma yote, akauliza juu ya yule wa tumbo jekundu, nikamweleza. Siku ya pili alichukua daftari jipya, akapiga mistari kwa rula: tarehe, mahali, saa, hali ya hewa. Wa kwanza alikuwa kunguru, yule wa kijivu shingoni aliyeletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 na ambaye sasa ameiteka Dar es Salaam yote. Nilimwambia kunguru si wa kuandikwa, yuko kila mahali.

"Wangapi, baba?" akauliza.

Nikatoka naye uani, tukaanza kuwahesabu.